Pampu ya petroli kwa gari la zamani la injeksheni: mpya, ya mtumba, ya bei chee au ya Toyota?

Ukiwa Kigoma, pampu isiyo sahihi inakula zaidi ya bei yake. Inatoka Kariakoo kwa basi, inashukia stendi ya Masanga, inafungwa, kisha inagundulika kwamba haifikishi presha. Kuirudisha Dar ni zaidi ya kilomita elfu moja, na maduka mengi hayapokei tena pampu iliyokwisha kuguswa na petroli. Aliyeko Tabora ana nafuu kidogo ya umbali, lakini shida ni ileile. Ndiyo maana ulinganisho huu unaanza na geji ya presha, na bei inafuata baadaye.

Magari yanayozungumziwa ni Mercedes-Benz W123 na W124 za petroli, Peugeot 505 za injeksheni, BMW E30, Volvo 240, pamoja na Toyota za miaka ya 1980 na mwanzoni mwa 1990 kama Cressida, Mark II GX81 na Corolla za EFI (injeksheni ya umeme). Peugeot 504 ya injeksheni haimo humu: ile ina pampu ya mekanika ya Kugelfischer kwenye injini, na habari yake ni nyingine kabisa.

Mfumo kwanza, pampu baadaye

Pampu za Bosch zinazokaa nje ya tanki zinafanana mno kwa umbo. Silinda ya chuma kama ya kopo refu, mdomo mpana upande mmoja, uzi wa bolti upande wa pili, vishikizo viwili vya waya. Ukiziweka mbili mezani, moja ya bar 3 na nyingine ya bar 5, jicho halitazitenganisha. Injini itazitenganisha. Bar ni kipimo cha presha; Jetronic na Motronic za kwenye jedwali ni mifumo ya injeksheni ya Bosch, na humu tutaziita K, KE na L kwa kifupi.

| Mfumo | Presha ya kawaida | Unautambuaje |
|---|---|---|
| Kabureta | bar 0.2–0.4 | Hakuna injekta (vinyunyizio vya petroli) |
| D-Jetronic | karibu bar 2 | Injekta zina waya. Magari ya mwisho wa 1960 na ya 1970 |
| L-Jetronic, Motronic, Toyota EFI | bar 2.5–3 | Kila injekta ina soketi ya waya, bomba moja linalisha zote |
| K-Jetronic | karibu bar 5 | Injekta hazina waya. Vibomba vyembamba vinatoka kwenye tofali la chuma, kimoja kwa kila silinda |
| KE-Jetronic | bar 5.3–5.6 | Kama K, ila pembeni ya tofali kuna kisanduku chenye soketi ya waya |

K na L zote zilitoka mwaka 1973, na KE ikafuata mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kwa hiyo mwaka wa gari peke yake haukuambii kitu. Peugeot 505 ilitengenezwa na mifumo zaidi ya mmoja. Fungua boneti utazame injekta. Zikiwa na waya, unatafuta pampu ya bar 3. Zikiwa hazina, unatafuta ya bar 5 na zaidi, na hapo machaguo yako yanapungua sana.

Ile pampu ndogo ya kabureta, ya mraba, inayolia tik-tik-tik na kuuzwa kila duka la spea, haiingii kwenye mjadala huu. Presha yake haifiki hata nusu ya bar. Gari la L-Jetronic likifungwa pampu hiyo linaweza kukohoa kidogo kama linataka kuwaka, halafu siku nzima inapotea fundi akitafuta kosa kwenye plagi na distributa.

Hakikisha kweli ni pampu

Pampu nyingi za zamani hutupwa zikiwa nzima. Kabla ya kutuma pesa popote, fanya vipimo hivi kwa mpangilio huu, kwa sababu cha kwanza ni bure na cha mwisho kinahitaji vifaa.

Washa swichi usikilize. Kwenye magari mengi pampu hulia sekunde moja au mbili kisha hunyamaza hadi injini izunguke. Kama hailii, itafute rilei yake, iondoe, na unganisha kwa waya mnene matundu ya 30 na 87. Baadhi ya rilei za Mercedes zina namba tofauti, kwa hiyo soma mchoro ulioko kwenye ubavu wa rilei yenyewe. Kwenye Toyota ni rahisi zaidi: ndani ya kile kisanduku kidogo cha uchunguzi kwenye boneti unaunganisha +B na FP, swichi ikiwa imewashwa. Pampu ikilia hapo na gari likawaka, rilei ndiyo iliyokufa. Rilei za miaka ile hupasuka risasi kwenye maungio ya ndani kwa sababu ya joto na mtikisiko, na nyingi hufufuka kwa kuchomelewa upya.

Angalizo moja zito kwa wenye K na KE: pampu ikiwa inazunguka kwa waya wa kuunganisha, usiinue ile sahani ya hewa iliyo chini ya filta ya hewa. Ukiinua, injekta zote zinamwaga petroli ndani ya silinda ingawa injini imesimama.

Kisha pima volti kwenye vishikizo vya pampu yenyewe ikiwa inazunguka. Unataka volti 11.5 au zaidi. Ukikuta 10 au pungufu, tatizo liko kwenye waya, fyuzi iliyooza au eti (ungio la hasi kwenye bodi). Eti ya nyuma ya gari hupata kutu kimyakimya, hasa magari yanayolala karibu na ziwa. Fungua bolti yake, sugua mpaka chuma king'ae, paka grisi, kaza. Pampu iliyoonekana mchovu mara nyingi huamka hapo.

Sasa geji. Kwenye mfumo wa bar 3, chomoa mpira mdogo wa vakyumu kwenye regyuleta (kidhibiti cha presha ya petroli) na usome: bar 2.5 au 3, kulingana na gari. Toyota nyingi zinasoma kati ya 2.7 na 3.1. Ukirudisha mpira injini ikiwa sailensa (inanguruma bila kukanyagwa mafuta), presha inashuka karibu nusu bar, na hilo ni sawa. Presha ikiwa ndogo, bana kwa sekunde mbili tu mpira laini wa kurudisha petroli tanki. Ikipanda ghafla, pampu ni nzima na regyuleta ndiyo inayovujisha. Ikibaki palepale, pampu au filta imechoka.

Mwisho pima wingi. Elekeza bomba la kurudisha kwenye chupa yenye alama, zungusha pampu kwa waya, hesabu muda. Kwa K na KE za Mercedes kipimo ni lita 1 isiyozidi sekunde 40. Kwa mifumo ya bar 3 ya injini za lita 1.6 hadi 2, lita moja kwa dakika kwenye bomba la kurudisha inatosha kukufanya uitafute shida kwingine. Injini ya nguvu za farasi 136 kama ya 230E ikibanwa kwa nguvu zote hunywa karibu lita 40 kwa saa. Kinachozidi kinarudi tanki kikiwa kimebeba joto, na ziada hiyo ni ya lazima.

Ukishapata majibu haya na pampu bado ina hatia, ndipo unalinganisha.

Mpya ya aina ileile

Hii ndiyo chaguo la kwanza kwa K na KE, na kwa maoni ya ukurasa huu ndiyo peke yake inayostahili kununuliwa bila kuishika mkononi kwanza. Bosch na Pierburg bado wanatengeneza pampu zinazoingia kwenye magari haya. Ni ghali mara kadhaa kuliko ya bei chee. Unachokinunua ni presha ya kweli, valvu ya kuzuia petroli kurudi nyuma iliyo kwenye mdomo wa kutokea, na mota inayostahimili kuzunguka saa nyingi petroli ikiwa ya moto.

Hiyo valvu ndogo ndiyo inayotofautisha asubuhi njema na asubuhi mbaya. Ukizima gari, inashikilia presha kwenye bomba. Kwa K na KE, kikusanyia presha kilichofungwa karibu na pampu kinaisaidia. Injini ikiwa ya moto na presha ikaondoka, petroli inachemka ndani ya vibomba na gari linagoma kuwaka mpaka lipoe. Watu wengi hubadilisha pampu kwa kosa hili, kumbe valvu peke yake ilitosha. Kwa pampu nyingi za Bosch huuzwa kando na hufungwa kwa spana.

Feki zipo, na boksi zuri halithibitishi kitu. Namba iwe imechongwa au kupigwa muhuri kwenye chuma. Ukingo ambapo silinda imekunjwa uwe sawa mzunguko mzima. Puliza kwa mdomo upande wa kutokea: hewa isipite, kwa sababu valvu inaizuia. Ikipita, ama valvu haipo ama ni ya mapambo.

Unapoagiza, usitume jina la gari tu. Tuma namba kamili iliyoko kwenye pampu ya zamani (za Bosch huanza na 0 580), picha yake ikiwa imelazwa kando ya rula, kipenyo cha nje cha mdomo wa kuingizia, ambacho kwa kawaida ni mm 12 au mm 15, na ukubwa wa uzi wa kutokea. Mdomo wa mm 12 ukiunganishwa na mpira wa mm 15 kwa kubana klipu kwa nguvu hautavujisha petroli. Utavuta hewa, na utalia siku zote.

Ya mtumba

Kwa Mercedes na BMW, mtumba ni chaguo la maana kuliko watu wanavyodhani, lakini kwa sharti moja: ipimwe kabla hujalipa. Pampu iliyotolewa kwenye gari lililogongwa huku likitembea inaweza kuwa na miaka mingi ya maisha. Pampu iliyokaa miaka mitatu kwenye gari lililotelekezwa karibu hakika imeshika kutu ndani, maana petroli huyeyuka, maji hubaki, na roli za ndani zinazosukuma petroli zina mwanya mwembamba usiovumilia hata chembe.

Namna ya kuipima dukani: muuzaji awe na betri yenye chaji, dumu la petroli safi, mipira miwili na geji. Pampu iwe chini ya usawa wa petroli, ijae kwanza, ndipo iunganishwe. Usikubali kuonyeshwa ikizunguka kavu. Petroli ndiyo inayoilainisha na kuipoza, na sekunde chache za kuzunguka kavu zinaiua mbele ya macho yako huku muuzaji akisema umeisikia inalia. Bana mpira wa kutokea kidogo kidogo ukitazama geji: kwa matumizi ya KE ipite bar 6 bila kusita. Zima, tazama sindano ya geji. Ikianguka mara moja, valvu imekufa. Ukiwa na mita ya ampea, pampu nzima hula kati ya 5 na 8. Ikila zaidi ya 10, roli zinakwaruza.

Kama mtu wako aliyeko Ilala hana vifaa hivi au hataki usumbufu, acha mtumba. Umbali wa Kigoma unafuta nafuu yote ya bei.

Ya bei chee, ya “gari lolote”

Hii inauzwa kwa umbo lilelile la Bosch, mara nyingi na boksi lisilo na jina la mtengenezaji. Haki yake tuipe: kwenye L-Jetronic ya injini ndogo, yenye bar 2.5, inaweza kufanya kazi vizuri kwa muda wa kuridhisha. Mwenye 505 ya bar 2.5 anayetaka gari litembee wakati anakusanya pesa ya pampu nzuri hafanyi ujinga akiinunua, mradi aipime kwa geji siku ya kuifunga.

Kwenye K na KE haifai. Nyingi hufikia bar 4 zikiwa baridi, gari linawaka, mteja anashukuru. Saa ya mchana, baada ya mwendo wa saa nzima, petroli ya tanki imepata moto, mota imepata moto, presha inateremka na mchanganyiko unakuwa mwepesi, yaani petroli kidogo kwa hewa nyingi. Dalili hujitokeza kwenye mlima. Ukitoka Kigoma kwenda Kasulu barabara inapanda muda mrefu, na hapo ndipo gari litaanza kukosa nguvu gia ya tatu, litakohoa, kisha ukisimama dakika kumi litakubali tena. Fundi akilipima kesho yake asubuhi likiwa baridi, atakuambia presha ipo.

Tatizo la pili ni kelele na mtikisiko. Mpira wa kuivisha huja mwembamba au hauji kabisa, watu wanaifunga kwa waya moja kwa moja kwenye chasisi, na ndani yote ya gari kunalia.

Ya Toyota, ndani ya tanki

Kama gari lako ni Toyota, mjadala umeisha hapa: nunua pampu ya aina yake, Denso ikiwezekana. Namba za Toyota za pampu huanza na 23221 au 23220, na pampu za umbo hilo hutumika kwenye magari mengi kiasi kwamba hata Mwanga, hapahapa mjini Kigoma, unaweza kuipata bila kusubiri basi. Kwa urahisi wa spea, hakuna kwenye orodha hii inayoikaribia.

Swali gumu ni la mwenye Peugeot, BMW au Volvo anayeambiwa na fundi, “Tutaweka ya Toyota.” Jibu linategemea mambo mawili.

La kwanza ni presha. Pampu ya Toyota imeundwa kwa bar 3. Kwa L-Jetronic na Motronic inatosha bila wasiwasi. Kwa K na KE haitoshi: ukiisukuma bar 5 wingi unapungua sana, na kwenye pampu nyingi valvu ya usalama ya ndani inaanza kufunguka karibu na presha hiyohiyo unayoihitaji. Usikubali, hata ukiambiwa imefungwa kwenye Mercedes ya nani.

La pili ni mahali pa kuiweka. Hii ni pampu ya kuogelea ndani ya petroli. Ukiifunga nje kwa mipira na klipu, itapata joto na itavuja kwenye soketi zake. Iingie ndani ya tanki, kwenye kishikio cha geji ya mafuta kama kina nafasi, au ndani ya tanki dogo la pembeni linalojazwa na pampu nyepesi na kupokea petroli inayorudi. Tanki dogo ni kazi nzuri ikifanywa na mchomeleaji anayejua, lakini ukijumlisha chuma, mipira, pampu mbili na waya, gharama inakaribia ile ya pampu mpya sahihi. BMW E30 zenye pampu ndani ya tanki tangu kiwandani ni rahisi zaidi kuzibadilisha kuliko 505.

Volvo 240 ina jambo lake. Ina pampu mbili: ndogo ndani ya tanki inayosukuma taratibu, na kubwa chini ya gari. Ndogo ikifa gari linaendelea kutembea, ila kubwa inalazimika kuvuta peke yake, inalia kwa uchungu, na inakufa mapema. Ukibadilisha kubwa bila kugusa ndogo, utarudi kununua tena. Baadhi ya Mercedes za silinda sita na nane zina pampu mbili kubwa zilizofuatana, pima zote.

Kuna na ushauri wa tano ambao hutolewa mara nyingi: toa injeksheni, weka kabureta. Kwa gari la zamani lililobaki na mfumo wake kamili huo ni uharibifu. Unapoteza nguvu, ulaji wa mafuta unaongezeka, na vile vipande vya Jetronic vinavyotupwa siku hiyo havitapatikana tena. Pampu moja iliyokufa si sababu ya kufanya hivyo.

Kuifunga

Fanya kazi nje, injini ikiwa baridi, tanki likiwa na petroli pungufu ya robo, mtungi wa kuzimia moto wa poda ukiwa mkononi, na jiko la mkaa la jirani liwe mbali. Taa ya glopu ya kuning'iniza usiitumie kabisa. Tone moja la petroli likigusa glopu ya moto inapasuka na kuwasha moto. Tumia tochi.

Toa fyuzi ya pampu, washa injini uiache mpaka izime yenyewe, kisha chomoa eti ya betri. Hata hivyo presha haiishi yote, hasa kwenye K na KE zenye kikusanyia. Funika ungio kwa kitambaa kabla ya kulegeza, na macho yako yawe pembeni.

Kwenye W123 na W124 pampu, filta na kikusanyia viko pamoja chini ya gari karibu na gurudumu la nyuma la kulia, nyuma ya kifuniko. Osha sehemu hiyo kwa maji na sabuni siku moja kabla na uiache ikauke, maana vumbi jekundu likiingia kwenye mdomo wa pampu mpya umeanza vibaya. Bana mpira wa kuingizia kwa kibanio chenye midomo ya mviringo. Koleo la meno hukata nyuzi za ndani na mpira huanza kuvuta hewa mwezi unaofuata.

Ukilegeza bolti ya kutokea, shika pampu kwa spana ya pili kwenye pembe zake sita ili isizunguke. Washa za shaba za pande zote mbili za bolti hiyo ni za kutupa, weka mpya. Vishikizo vya waya kwa kawaida havilingani ukubwa, na chanya ina alama ya +. Ukigeuza waya, mota itazunguka kinyume, italia vizuri kabisa, na haitatoa hata tone. Ivishe pampu mpira au ganda lake la plastiki mzunguko mzima, kwa sababu chuma cha pampu kikigusana na kibano cha aloi, unyevu unaleta kutu hapo.

Mpira wa petroli una maandishi, usome. SAE 30R7 ni wa kabureta na presha ndogo. Kwa upande wa presha unataka 30R9. Kwa kipande cha mpira kinachozama ndani ya tanki ni 30R10. Mingine yote hulainika na kupasuka ndani ambako huioni, presha inapotea na pampu mpya inalaumiwa. Klipu ziwe zile za ukingo uliokunjwa, zinazobana pande zote bila kukata.

Filta ibadilishwe siku hiyohiyo. Usiitupe ya zamani kabla ya kitu kimoja: igeuze na umwage petroli iliyomo kupitia mdomo wa kuingizia kwenye sahani nyeupe. Petroli ya manjano hafifu ni salama. Ukiona unga wa kahawia unaotulia chini, tanki lina kutu. Ukiona matone mazito ya mviringo yanayokimbia chini ya petroli bila kuchanganyika nayo, hayo ni maji, na ndiyo yaliyoua pampu. Kwa hali zote mbili tanki lishuke, lisafishwe, na chujio lake la ndani litolewe. Pampu mpya ikifungwa kwenye tanki hilo bila kusafishwa itaharibika vilevile.

Usiongeze filta ya karatasi kati ya tanki na pampu ukidhani unailinda. Pampu hizi husukuma vizuri na huvuta vibaya. Kizuizi upande wa kuvuta hushusha presha pale, petroli ya moto inachemka, vipovu vinaingia kwenye roli, na ndipo unasikia ule mlio mwembamba wa kukwaruza mchana wa Septemba na Oktoba. Chujio la wavu ndani ya tanki linatosha.

Kwa pampu ya ndani ya tanki, Toyota nyingi zina kifuniko chini ya kiti cha nyuma, nyingine zinadai tanki lishuke. Safisha vumbi juu ya kifuniko kabla ya kulegeza skrubu hata moja. Badilisha chujio la nailoni, mpira mdogo wa chini ya pampu na gasketi kwa pamoja. Gasketi ya zamani ikirudishwa utasikia harufu ya petroli kwenye viti kila ukijaza tanki.

Kabla ya kuwasha, fungua kibanio na subiri petroli ijaze pampu kwa uzito wake yenyewe. Rudisha eti, zungusha pampu kwa waya wa rilei sekunde tano, simamisha, kagua kila ungio kwa kidole kikavu, rudia mara tatu. Ndipo uwashe injini na ufunge geji tena: presha, wingi, na mwisho zima uache geji imefungwa. Kwenye K na KE nzima, baada ya nusu saa bado iko juu ya bar 2.5. Andika namba hizo tatu kwenye karatasi na uiweke kwenye kabati la dashibodi, ili fundi atakayelipima mwakani awe na cha kulinganisha nacho.

Wiki ya kwanza usiruhusu tanki lishuke chini ya robo, na usijaze petroli ya madumu njiani Uvinza au Kaliua kama sheli ipo mbele. Baada ya safari ndefu ya kwanza, rudi chini ya gari na spana: washa za shaba hulala kidogo zikipata moto, na bolti ya kutokea hudai kukazwa tena robo ya mzunguko au pungufu.